Niliacha usukani wa lori nikajifunza kupika chapati ili wanangu wasitenganishwe

Wakuu, habari za leo.

Miaka yote humu nasoma tu na kupita. Leo naandika yangu, na siongezi chumvi.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, naishi Dodoma, huku Chimwaga karibu na chuo kikuu. Nilikuwa dereva wa lori. Nikienda Kigoma, kurudi ni wiki.

Mke wangu aliugua siku chache tu, akafariki. Akaniachia Salma, aliyekuwa darasa la kwanza, na Rehema wa miezi minane.

Baada ya msiba, dada yangu mkubwa akanikalisha chini. Huyu ndiye aliyenilea, simpingi hovyo.

"Mdogo wangu, rudi kwenye lori. Salma namchukua mimi, huyu mchanga aende kwa shangazi Singida."

"Dada, nimekusikia. Ila watoto watakaa na mimi."

"Utawalisha nini?"

Nikamwomba anipe muda.

Akanipa mpaka shule zifungwe. Akikuta wanateseka, anaondoka nao.

Bosi alinionea huruma, ila kazi ya hapa mjini hakuwa nayo. Nikaacha. Akiba yote ikaishia kwenye maziwa na kodi ya chumba.

Jirani yangu Mama Shani analea watatu peke yake, anauza supu kwa wanachuo. Nikamwomba anifundishe chapati, niuze pembeni yake. Hakunicheka.

Waliocheka ni wateja. Kijana mmoja aliinua chapati yangu juu: "Bro, hii nile au nikazibie pancha?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, ila iliniuma kweli.

Mama Shani akaniambia taratibu, "Unagombana na unga. Ukande, halafu uuache upumzike."

Nikaendelea, na chapati zikaanza kulainika. Rehema mgongoni, nimemfunga kwa kanga ya mama yake, mikono kwenye unga. Madereva wenzangu wakipita wananiita Mama Rehema. (Hilo jina mpaka leo ninalo, nimelizoea.)

Kuna siku gesi iliniishia asubuhi, Rehema ana homa, mfukoni sina kitu. Nikatoa simu nimpigie dada aje awachukue.

Salma alikuwa amevaa sare tayari. Akaniuliza, "Baba, leo nani atanifuata shule?"

Nikamwambia, "Mimi."

Simu nikairudisha mfukoni. Nikaenda kukopa mkaa kwa Mama Shani, nikampeleka mtoto zahanati, mchana nikamfuata Salma.

Shule zilipofungwa, dada akaja kweli, na begi tupu la kubebea nguo za watoto. Alinikuta nina foleni ya wanachuo, Rehema kanenepa, Salma anafunga oda kwenye karatasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akaliweka begi chini. Akajifunga kanga kiunoni, akaosha mikono, akaanza kusukuma chapati.

Alikaa siku tatu. Kondoa alirudi peke yake.

Wakuu, sijatajirika. Kuna miezi kodi inachelewa. Ila wanangu wanalala chumba kimoja na mimi.

Nilichojifunza: ukibaki mlezi peke yako, mtafute aliyetangulia kwenye hali hiyo, umwombe akufundishe kazi anayoifanya. Mimi nilipoteza wiki nyingi kwa kuona aibu kuuliza.

Sasa wanachuo wakienda likizo biashara inalala. Mnaolea peke yenu, kipindi kama hicho mnafanyaje? Nipeni mawazo. Hata wa kunicheka karibuni, nasoma zote.