Mgongo wa Barua ya Posa

Nilirudi Tabora na stashahada niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba zege Dar es Salaam. Nikajenga nyumba ya bati jekundu, na hakuna aliyenichangia hata tofali. Kilichobaki ni mke. Nilimtaka binti wa kijiji cha Ziba, naye alinitaka.

Barua ya posa niliichapa kwenye kompyuta, nikaipamba maua pembeni, nikaifunga ndani ya leso mpya. Baba mdogo, mshenga wangu, akapanda basi kuipeleka. Alirudi nayo.

"Bwana Stashahada," alisema akivua viatu, "bibi yake binti kaipapasa. Anasema karatasi laini mno, haina mtu ndani."

"Bibi hajui kusoma, baba."

"Ndiyo maana kaipapasa. Anasema kama huwezi kukaa chini ukamwandikia mjukuu wake kwa mkono, utakaa naye vipi? Kakupa nafasi moja tu."

Nilitabasamu. Kwa mwandiko, mimi ndiye niliyekuwa nikiachiwa chaki na mwalimu nimwandikie ubaoni.

Nikakaa barazani na kalamu ya wino wa buluu, mvua ikinyesha polepole. Herufi zikatoka zikifuatana kama wapagazi wa zamani waliopita nchi hii na mizigo yao: b na tumbo lake, k katanua mguu, g kaning'iniza mkia hadi mstari wa chini. Sikuisikia tena mvua. Nilikuwa nikitembea nyuma yao kando ya majaruba ya mpunga, yangeyange wakiinuka mmoja mmoja, kuelekea mlango ambao nilikuwa sijawahi kuuvuka. Tulipofika kwenye jina la binti, mkono ukakandamiza kalamu wenyewe.

Safari ya pili baba mdogo alirudi mikono mitupu. Leso ilibaki Ziba.

"Bibi kaigeuza," alisema. "Kapitisha vidole mgongoni mwa barua, macho kafumba. Vidole vikasimama mahali pamoja, akauliza hapa pana nini. Nikamwambia, jina la mjukuu wako. Akasema, hapa kashika kwa nguvu. Mwambieni alete wazee wake."

"Umeona kazi ya mwandiko wangu?"

"Mwandiko wako hakuutazama kabisa, mwanangu."

Barua hiyo tunayo mpaka leo. Wageni wakija nawaonyesha upande wa mbele, wausifu. Wakishaondoka, mke wangu huigeuza, akapitisha kidole chake palepale.