Meza ya Fundi Niliyoipanga Upya

Fundi aliyenifundisha kusaga lenzi alikwenda Tingi kumzika dada yake, akakaa siku tisa. Karakana yetu ya miwani hapa Lindi ikabaki mikononi mwangu. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha: nipange meza yake.

Ilikuwa imevurugika. Kila oda ilikaa kwenye trei yake, fremu na lenzi pamoja na karatasi ya daktari, lakini trei zilirundikwa ovyo. Bisibisi ndogo zilizagaa kati ya koleo na vitambaa. Nilipanga trei kwa tarehe, nikapigilia ubao ukutani na kuning'iniza vifaa kwa ukubwa wake. Nilijisifu moyoni.

Aliporudi nilimwamkia, nikampa pole. Akaitika, akaketi, akanyoosha mkono upande wa kulia bila kutazama. Vidole vikagusa meza tupu.

"Nani kakwambia uguse vitu vyangu?"

"Samahani fundi. Vipo ukutani, hapo mbele yako."

Aliinua uso. Ubao ulikuwa hatua moja tu kutoka puani pake. Akaupapasa kwa kiganja, akashika koleo, akalirudisha, akashika jingine.

"Fundi, huoni?"

Alilitundika koleo. "Sukari imeingia machoni," alisema. "Pembeni naona. Nikitazama kitu, katikati kuna doa. Hapa mezani nilikuwa najua kila kitu kilipo."

"Na kipimo cha lenzi, ulikuwa unakisomaje?"

"Nilikuwa nakisia, mwanangu."

Kukisia! Trei kumi na moja zilikuwa zimekamilika, zinangoja wenyewe. Nilizipima zote siku ile ile, yeye akiwa amekaa nyuma yangu. Nne zilikuwa na makosa. Nilimsomea kila moja, naye akajibu, "Ehe," kama mtu anayehesabiwa viboko.

Kilichoniumiza zaidi ni miwani iliyokwisha kutoka. Nilimkumbuka mama mmoja wa Mingoyo, aliyerudi kulalamika kwamba ardhi inamjia juu akitembea. Fundi alikuwa msikitini. Nami, bila hata kuivua miwani ile usoni pake nikaipime, nilimwambia, "Utaizoea, mama." Alinishukuru, akaondoka.

Nilimpigia simu. Akapokea binti yake. "Miwani ameiweka kabatini," alisema. "Ameacha hata kusuka ukili wa mikeka. Anasema uzee umemfika kichwani."

Mama alikuja kesho yake. Nilipima lenzi zake: ya jicho la kulia ilikuwa imekaa kushoto, na ya kushoto kulia. Kwa kuwa zilishakatwa kwa umbo la fremu, nilisaga mpya, nikamvalisha, akautazama mlango, kisha sakafu, kisha mimi.

"Kwa hiyo si kichwa changu?"

"Si kichwa chako, mama. Ni sisi. Nami ulipokuja sikukusikiliza."

Fundi alisimama, mkono ukiwa kwenye ukingo wa meza. "Niliyesaga ni mimi, mama. Nilificha kuwa sioni. Nisamehe."

Yule mama hakusema amesamehe. Alisema, "Pole na macho, baba," akachukua mkoba wake.

Fundi hakusaga tena. Aliendelea kuja miezi michache, akiketi na wateja, akipinda mikono ya fremu nyuma ya masikio yao, kazi ambayo vidole vyake viliiweza. Kisha mwanawe akaja kumchukua. Sasa nafanya kazi peke yangu, na kila lenzi naipima mara tatu. Hata hivyo sijiamini.

Tuliwaita wengi wakarudi. Lakini karatasi nyingine hazikuwa na namba za simu, na nyingine namba zimeshafungwa. Mmoja wa hao tuliowakosa ni mwalimu aliyetoka vijiji vya ndani, kupita Mtama. Nilituma ujumbe kwa waendesha bodaboda, nikauliza stendi. Hajaja, na sijui huko anasomaje madaftari ya watoto.