Ubeti Uliokosa Kibwagizo

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Usicheke. Najua umenipita kimo, lakini mimi ni mzee wa kidato cha nne na wewe bado uko cha pili, kwa hivyo keti ushauriwe.

Nilikuwa hapo ulipo. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja mpole kutoka Embu, aliandika ubaoni shairi la mmoja wetu bila kutaja jina, akataka tueleze umbo na toni. Mimi huyo, mkono juu! Nilikuwa nimeshahesabu mizani kwa vidole: beti nne, mishororo minne minne, na kibwagizo "Mama chai imepoa", mizani nane kamili. Ubeti wa mwisho tu ndio ulikuwa na mishororo mitatu. Kibwagizo hakikuwepo.

"Na toni?" mwalimu akauliza.

"Ya njaa, mwalimu! Huyu anunuliwe thamosi."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Na huo ubeti wa mwisho?"

"Mshairi alichoka. Labda kengele ya lanchi ililia."

Mwenda, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, akasimama. "Mama alikufa likizo," akasema, kama mtu anayejibu rejista. "Sikuwa na wa kumwambia chai imepoa." Akatoka.

Nami, badala ya kunyamaza, nikajitetea: "Lakini mwalimu, si ulitufundisha nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi, sio mshairi?"

Mwalimu aliniangalia hadi nikaona aibu. "Kirimi, tangu tufungue shule Mwenda hagusi chakula chake, na wewe ndiye unayekimaliza. Hukushangaa hata siku moja?"

Sikushangaa, mwanangu. Nilishiba.

Wiki iliyofuata dawati likawa langu peke yangu. Likizo ilipofika nikaenda kwao Kanyakine kuomba msamaha. Nikamkuta nyanya yake akipukuchua maharagwe. "Ameenda Timau, kibarua cha kuchuma maua," akaniambia. "Anasema shule ni ya watu wa kucheka." Akanikaribisha uji. Nikauacha ukapoa.

Kila likizo namwandikia meseji. Tiki mbili za buluu zinatokea, jibu hakuna. Mwaka wa pili huu, na siku hizi sitarajii tena.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa shairi, hesabu mizani, taja vina, uchukue maksi zako. Lakini kwanza lisome kana kwamba aliyeliandika amekaa kando yako, kwa maana huenda amekaa. Ukiona mahali umbo limevunjika, usikimbilie kusema mshairi hajui kazi. Uliza ni nini kilimpata hapo. Na kama utani umekujia mdomoni, umeze, hata kama ni mzuri. Wangu ulikuwa mzuri sana.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi, na wale mlioanza nao darasani awafikishe wote hadi mtihani wa mwisho. Amina.