Mashine Inayozidiwa Mwezi wa Ramadhani

Msinicheke kabla sijamaliza. Mie ni karani wa chuo kikuu hapa Dar, na majuzi nilitumwa kupita idara zote kuuliza watu wanatumia mashine gani na wanahitaji zipi. Taipureta nazijua. Kompyuta nilikuwa sijaiona hata kwa picha, ila Kinondoni nzima nilishaitangazia kuwa mie ndiye mtaalamu wake.

Kwenye jengo la kompyuta nikamkuta Mama Zuhura, mhudumu, akipiga deki.

"Shikamoo, mama. Mashine imo humo?"

"Marahaba. Imo, isikie inavyonguruma. Ila usinikanyagie sakafu!"

Nikabaki mlangoni na fomu yangu.

"Inahifadhi nini?"

"Vitu vyetu vyote."

"Ina kasoro?"

"Mlango haufungi, vitu vinaharibika."

"Inawatosha?"

"Wapi! Mwezi wa Ramadhani inazidiwa. Tuleteeni kubwa."

Nikaandika yote kwa mwandiko wa kupendeza.

Jana nikasoma ripoti kikaoni kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ndugu karani, Ramadhani inaizidije kompyuta?"

Nami, bila haya: "Hesabu za mfungo ni nyingi, ndugu mwenyekiti."

Mama Zuhura, aliyekuwa akitugawia chai, akatua birika.

"Kompyuta iko mlango wa pili, mwanangu. Iliyokuwa ikinguruma siku ile ni friji yetu ya vyakula na maji ya kufuturu."