Pikapu Iliyopashwa Moto Murungu

Dada yangu alikuwa na ng'ombe wanne, na wote wanne walikuwa wakisubiri neno langu. Nikisema pikapu ni nzima, Jumatatu wanapelekwa mnadani. Nikisema mbovu, wanabaki zizini, naye anaendelea kuwabembeleza madereva wa malori wambebee maharage yake kutoka Rungwe Mpya. Wengine walikuwa wanamwacha barabarani na magunia yake, mvua ikinyesha. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

"Wewe ndiye fundi," aliniambia. "Mimi nitaangalia rangi tu."

Fundi nilikuwa kweli, tena nilijijua kupita kiasi. Miaka ile ya tisini wakimbizi walikuwa wamejaa kwetu, malori ya misaada hayakatiki, na gereji yangu pale Kasulu haikukosa gari hata siku moja. Nilikuwa nasikia injini ikipita barabarani, nautaja ugonjwa wake kabla haijasimama. Watu wakanisifu, sifa zikanipanda kichwani. Hasira nilikuwa nazo tangu utotoni, hizo sikuzipata gereji.

Tuliondoka alfajiri na lori, tukashuka Kibondo, tukakodi baiskeli hadi Murungu. Mwenye pikapu alikuwa mnunuzi wa muhogo, mtu wa rika langu, mpole, anayejifuta jasho kabla jua halijawa kali. Gari ilikuwa nyuma ya nyumba karibu na migomba, imeoshwa mpaka matairi. Ilikuwa ya dizeli, yenye turbo, kitu kilichokuwa bado kigeni kwetu. Turbo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Ikiwa nzima, unapanda milima ya kwetu na mzigo bila kuhangaika na gia.

Sasa hapo ndipo nilipofanya ujinga. Kwetu Buha huingii kwa mtu ukaenda moja kwa moja kwenye mali yake. Unachutama, unapiga makofi polepole, mwakeye, mwakeye, unaulizwa watoto, unaulizwa mvua, unaulizwa wazee uliowaacha, nawe unauliza hivyo hivyo. Mimi nilitupa "mwakeye" moja ya haraka haraka, nikafungua boneti. Nilikuwa nawahi lori la kurudi.

Injini ilikuwa ya moto.

"Umeiwasha leo?"

"Kidogo tu, fundi. Nilikuwa naisogeza niioshe."

Fundi mwenye akili timamu angesema, basi tusubiri ipoe. Injini ikishapashwa, magonjwa mengi hayaonekani. Unaipima ikiwa baridi, baada ya kulala. Hilo nilikuwa nawafundisha watu gereji kila siku! Lakini nikasema, "Washa." Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, moshi mwepesi. Nikaisikiliza kidogo, nikamgeukia dada.

"Nzima," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. Sijasahau uso wake ule.

Tulikuwa tunataka kuanza kuzungumza bei alipotokea mama wa yule bwana, anatoka shambani, jembe begani. Akalitua. Dada yangu, ambaye adabu alichukua yake na yangu, akachutama, akaanza kupiga makofi. Mama naye akachutama. Basi ikawa kazi. Wakasalimiana mpaka ukoo wa mama yetu, mpaka ndama, mpaka shangazi mmoja wa Kasulu ambaye wote wawili walimjua na ambaye mimi nilidhani amekwisha kufa. Mwenye gari alikuwa anahamisha mguu huu na ule. "Mama, wageni wana haraka."

"Haraka ya kwenda wapi bila kula?" mama akamjibu. "Nani amekufundisha hayo?"

Ukasongwa ugali wa muhogo, yakaja maharage, ikaja pombe ya ndizi. Lori langu lilikwisha kuondoka Kibondo, nami nilikuwa natafuna kwa hasira. Yule bwana hakula. Nilidhani ana homa.

Tulipomaliza kunawa, dada akasema, "Iwashe tena, na mimi niisikie."

Bwana akabaki amekaa. Mama akamwambia, "Si umeambiwa uwashe?"

Akainuka, akawasha. Lo! Moshi wa bluu, mzito, ukaifunika migomba yote. Kuku walikimbia. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kila fundi anajua hilo.

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwita mwongo, nikamwita mwizi wa wajane, mbele ya mama yake, chakula chake kikiwa bado tumboni mwangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najitukana mwenyewe. Nilikuwa nimeshasema "nzima", na isingekuwa makofi ya wanawake wawili, ng'ombe wangekwenda.

Hakujitetea. "Niliambiwa na fundi kwamba ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa," akasema, anatazama chini. "Sina uwezo wa kuitengeneza. Nipeni ng'ombe mmoja, muichukue kama chuma chakavu."

Mama yake alijifunika kanga usoni. Iliniuma kumwona vile.

Nikarudi kwenye boneti, safari hii taratibu. Injini ikiwa inaunguruma, nikafungua kifuniko cha oili, nikaweka kiganja. Ringi zikiwa zimekwisha, moshi unakupuliza hapo kwa nguvu. Haukunipuliza. Nikazima, nikafungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, nikakuta limelowa oili. Nikaingiza kidole, nikautikisa mhimili wa ile feni, ukacheza huku na huku. Turbo peke yake ndiyo ilikuwa imekufa, inavujisha oili na kuilisha injini. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Ng'ombe mmoja! Watatu wanabaki! Nikaendelea kuinama pale, najifanya nachunguza. Nani angejua? Yule alitaka kutuibia sisi kwanza.

"Kaka," dada akaita kwa sauti, kila mtu akisikia. "Imekufa?"

Nikajifanya nafuta oili kidoleni.

"Kaka, nakuuliza."

"Haijafa!" nikafoka. "Ni turbo tu. Inatolewa, njia yake ya oili inazibwa, gari inatembea. Milimani itachoka, lakini inatembea."

Yule bwana alikaa chini palepale, mikono kichwani, akacheka huku machozi yanamtoka. Nilijua sasa hatauza, nikamkasirikia dada kwa moyo wote. Lakini mama akafunua uso, akasema, "Haya, anzeni upya. Na sasa kila mtu aseme kweli."

Walikubaliana ng'ombe wawili, wapelekwe wiki ile ile, na mama hakutaka rehani yoyote. Tulilala pale. Asubuhi nilifanya kazi yangu, kisha nikaiwasha injini ikiwa baridi. Moshi ulitoka kidogo, ukakatika.

Njiani kurudi Kasulu mlima wa kwanza ulihitaji gia ya kwanza, na huko juu nikashindwa kuvumilia.

"Ulijua nataka kunyamaza?"

"Nilikuona. Hukuweza kunitazama."

"Sasa kwa nini uliniuliza mbele za watu? Ungebaki na ng'ombe watatu, mwanamke wewe!"

Akawa anatazama barabara. "Siku gari hii ikiharibika nitakuja kwako, kaka. Mimi sijui injini, sitajua kamwe. Nikikuuliza imekufa ama haijafa, nitalazimika kuamini tu utakachosema."

Nilibadilisha gia, tukaanza kuteremka.