Atomi za Gramu Tisa za Maji

Drocella alilelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi Rusizi na diploma ya kemia, na sasa kila Jumamosi huwafundisha watu wazima wa Kamembe wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Si mwepesi wa kumwamini mtu.

Jumamosi moja aliwapa jaribio: gramu tisa za maji zina atomi ngapi? Simu ikalia, akatoka kuipokea, akaacha mkoba mezani. Ndani mlikuwa na karatasi ya majibu.

Aliporudi akakusanya kazi. Ndizeye, mbeba saruji wa Bugarama, aliyeketi karibu kabisa na ile meza, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: 9.03 × 10²³. Hakugawanya, hakuzidisha, hakutaja moli. Na jibu lilikuwa sahihi.

Wenzake walipoondoka, Drocella alimzuia.

"Papa Ndizeye, nifanyie lingine hapa hapa. Gramu ishirini na mbili za kaboni dioksidi."

Ndizeye akatazama dari. "Ni ile ile, Madame. Tisa nukta sifuri tatu."

Nimemnasa, Drocella akawaza. Kakariri namba moja. Akashika chaki ili amuumbue. Moli moja ni gramu 44, kwa hiyo 22 ni nusu moli. Nusu ya ile 6.02 ya kila moli ni 3.01, hizo ni molekuli. Kila molekuli ina atomi tatu…

Mkono ukasita ubaoni. Ilikuwa 9.03 kweli.

"Na chumvi, gramu hamsini na nane nukta tano?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hiyo ni moli nzima, na atomi ziko mbili mbili. Kumi na mbili nukta sifuri nne."

"Sasa kwa nini huandiki hatua?"

"Mi nahesabiaka mu kichwa. Ku kazi nahesabu mifuko iko ku mabega. Kalamu nitaishika na nini? Najua ulinizania mwizi, Madame. Ku geti ya kiwanda banatupekuaka kila siku. Nimezoea."

Drocella aliona haya. Akamwomba radhi kwa shida, maana hakuwa na mazoea hayo. Kisha akamweleza kwamba msahihishaji wa mtihani hatamjua wala kumuuliza. Ataona namba tupu na kumshuku vilevile.

Ndizeye akavuta daftari, akaandika hatua ya kwanza huku akinung'unika. Drocella akaketi kando yake mpaka alipomaliza ya mwisho.