Siku Nilipokana Kiswahili Mbele ya Wazazi

Aibu hii siwezi kuificha tena, kwa sababu watu wote waliokuwa kwenye hema ya shule pale Kitale waliiona, na mwalimu Chebet alishika meza asianguke kwa kicheko, kwa hivyo heri niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa jirani yetu Mama Purity, ambaye akisimulia huongeza chumvi.

Mwaka jana Mercy, mke wa mwanangu Wekesa, alipata kazi ya nyumbani huko Saudia, na Wekesa akaniita kutoka Bungoma nije kwao Kitale nimlee mtoto wao Nasimiyu, wa miaka sita. Amepewa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana mimi humwita mayi, yaani mama, na kwetu Wabukusu hiyo si mchezo (ukimgombeza unamgombeza mama yako). Sasa siku nafika nikamsalimia kwa Lubukusu, akanitazama tu, akamwuliza baba yake, "Huyu anasema nini?" Nilishikwa na huzuni. Mama alikufa nikiwa bado na mengi ya kumwambia, na mwenye jina lake ndiye huyu hanisikii.

Ndipo nikaamua kajambo kadogo tu. Nikamwambia Wekesa amwambie mtoto kwamba kukhu, yaani nyanya yake, hajui Kiswahili hata neno moja. Mimi niliyeuza ndizi soko la Bungoma miaka thelathini. Wekesa akacheka, akasema haya, lakini utashindwa wewe kwanza.

Na mtoto alijifunza, bana. Akitaka maji ananionyesha mtungi, nami namletea mwiko, namletea kiatu, mpaka akakasirika akaenda kwa Mama Purity akarudi na neno, kamechi, yaani maji. Baada ya hapo hakungoja kufundishwa. Alichora vitu kwenye vikaratasi, akazunguka navyo kwa majirani akiuliza majina, halafu anakuja kunijaribu, akikosea anasoma uso wangu, anageuza, anajaribu tena. Miezi mitatu haikuisha, tukawa tunagombana habari ya kuoga kwa Lubukusu kabisa.

Lakini kuna jambo sikulifikiria. Jumamosi nikimsuka, kichwa amekilaza magotini pangu, alikuwa anaongea Kiswahili polepole, kama mtu anayeongea na ukuta. Alisema sauti ya mama yake ameisahau, anakumbuka tu ile ya kwenye simu. Alisema anaogopa mama akirudi atakuta yeye ni mkubwa, hatamjua. Vidole vyangu vilisimama, halafu nikaendelea kusuka. Ningemjibu aje, na mimi ati sielewi?

Basi muhula wa pili shule ikaita wazazi, kila mtoto aonyeshe tatizo alilolitatua mwenyewe. Wekesa alikuwa kazini, nikaenda mimi. Kuna aliyeleta mtego wa panya, mwingine mtungi wa kunawa unaofunguliwa kwa mguu. Nasimiyu akasimama na vikaratasi vyake.

"Tatizo langu lilikuwa kukhu," akasema. "Hajui Kiswahili. Sasa tunaongea."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Chebet akaniita mbele, akawa anauliza kwa Kiswahili, mtoto anatafsiri, najibu, mtoto anatafsiri, nami kichwa kimevimba hata kitambaa kinanibana.

Kumbe nyuma kabisa ameketi Harbans, Kalasinga mwenye duka la vitambaa Bungoma, amekuja kumwona mjukuu wake. Akasimama. "Mama Wekesa, hujui Kiswahili? Wewe si umenililia bei kwa Kiswahili tangu duka likiwa la baba yangu?"

Hapo ningekubali yangeisha. Lakini nikamwambia mtoto kwa Lubukusu, mwambie simjui. Naye, maskini, akageuka kwa heshima zote. "Kukhu anasema hakujui."

Harbans aliumia, nikaona. "Hata ile shuka nyeupe ya kumzika mama yako? Si nilikukatia mimi?"

"Nakumbuka, Harbans," nikasema, kwa Kiswahili, mdomo ukinitangulia, "na uliikata fupi."

Hema ilipasuka kwa kicheko. Mtoto hakucheka. Alikusanya vikaratasi kimoja kimoja, akaja karibu yangu.

"Kukhu, hata Jumamosi ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Yote?"

"Yote, mayi."

"Na ukanyamaza."

Hakulia, na afadhali angelia. Wiki nzima aliongea na mimi Kiswahili cha adabu, kama mgeni, Lubukusu hakuigusa. Nikaapa, na kiapo hicho bado nakishika, kwamba sitajifanya tena simsikii mtoto, hata kama ni kwa faida yake. Lugha nitaingoja. Lakini akisema anamkumbuka mama yake nitamjibu kwa lugha yoyote iliyo karibu na mdomo.

Jumamosi ilipofika alileta kitana, akaketi. Safari hii niliongea mimi, kwa Kiswahili changu cha soko, kwamba Mercy akicheka ni kama anakohoa, kwamba akiita kuku huwa wanakuja hata wa majirani, kwamba hata arudi baada ya miaka mingapi, atamjua mtoto wake kwa kale kakovu ka nyuma ya sikio. Alisikiliza mpaka nikamaliza kichwa kizima. Akajipapasa nywele, akasema hazijakaa vizuri, nifumue nianze upya.

Zilikuwa zimekaa vizuri. Nikafumua.